Ngozi Huharibikia Kisuni, Si Pipani

Kakamega haikosi ngozi. Ng'ombe huchinjwa kila siku kwa ajili ya bucha za mjini na za masoko ya Khayega, Shinyalu na Malava, mbuzi na kondoo huchinjwa sikukuu zinapofika, na matanga ya mtu mzima aghalabu hayapiti bila fahali kuangushwa. Nyama hupata wenyewe kabla jua halijatua. Ngozi hubaki. Nyingine huchukuliwa na mchuuzi kwa bei isiyomshawishi mtu yeyote kuitunza, nyingine hutupwa juu ya banda hadi mbwa waigundue, nyingine hufukiwa. Ndiyo maana wengi hulipenda wazo la kutengeneza ngozi nyumbani kwa magome, majivu na mafuta, bila dawa za kiwandani. Watetezi wake husema miti ipo, maji yapo, na wazee walijua kazi hiyo. Wapinzani wake husema huko ni kurudi nyuma. Pande zote mbili zinabishania pipa la magome, na kwa maoni yangu ubishi huo umeanzia mahali pasipo pake. Sehemu kubwa ya thamani ya ngozi hupotea kisuni na katika saa chache za kwanza baada ya mnyama kuchinjwa, na hapo ndipo boma lina kazi ambayo kiwanda hakiwezi kulifanyia. Kazi ya magome nayo inawezekana, na Kakamega inaifaa kuliko inavyodhaniwa, ila ni kazi ya kikundi cha mafundi. Kila boma likijaribu peke yake, nyingi zitashindwa.

Tuanze na kile kinachotokea ndani ya ngozi yenyewe. Ngozi mbichi ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Kilichobaki, kwa sehemu kubwa, ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizosukana pande zote. Maji hayo na protini hiyo ni karamu ya bakteria. Ukiikausha, bakteria husimama, lakini ngozi iliyokaushwa tu ikilowa hurudi ubichi wake na kuanza kuoza palepale ilipoachia. Kuitengeneza ni jambo jingine. Tanini, ile dutu kali inayokausha ulimi mtu atafunapo jani la mpera, hupenya kati ya nyuzi, hujishika kwazo na kuchukua nafasi ya maji. Ngozi iliyoshikwa hivyo haiozi ikilowa, na hustahimili joto zaidi: ile mbichi hujikunja na kusinyaa katika maji ya nyuzijoto 60 na ushei, ilhali iliyokolea tanini vizuri huvuka 70 bila kujikunja. Fundi asiye na maabara anaweza kuipima kazi yake kwa kipande kidogo na sufuria ya maji ya moto.

Hata hivyo, si kila ngozi inayohitajika Kakamega inahitaji tanini. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambazo densi yake iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huwambwa kwa ngozi mbichi. Ngozi hiyo hukaza inapokauka, na mkazo huo ndio unaotoa mlio. Ukiizamisha kwanza katika magome utapata kitu laini kinachofaa mkoba, na ngoma itakuwa bubu. Zamani ngozi ya kenge ndiyo iliyosifika kwa kazi hiyo, lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumuua kenge atakavyo, na mtengeneza ngoma wa leo hutegemea zaidi ngozi za mifugo. Anachohitaji ni ngozi nyembamba, isiyo na tundu, isiyo na mstari wa kisu upande wa ndani. Mahitaji yake yote yanaamuliwa na mtu aliyemchuna mnyama, kabla neno tanini halijatajwa.

Na huyo mchunaji mara nyingi hakufunzwa. Katika kichinjio, mnyama huning'inizwa na ngozi huweza kuvutwa kutoka juu kwenda chini. Matangani, fahali hulala juu ya majani ya migomba, vijana kadhaa humzunguka na visu vya jikoni, na kila mmoja ana haraka ya kuifikia nyama. Njia salama inajulikana: kufungua ngozi kwa mikato michache iliyonyooka katikati ya tumbo na ndani ya miguu, kisha kuisukuma kwa ngumi mahali inapokubali na kutumia kisu chenye ncha ya mviringo pale tu inapogoma. Lakini ngumi ni ya polepole, kisu ni cha haraka, na hakuna anayelipwa kwa kuwa polepole. Tundu la kisu halizibwi na tanini yoyote. Hata mkato usiotoboa huwa njia ya kupasukia siku ngozi itakapovutwa kuwa mshipi. Makovu mengine huja mapema zaidi, mnyama akiwa hai: kupe, waya wa miba, fimbo, chapa ya moto. Mfugaji anayeogesha ng'ombe wake dhidi ya kupe anaitunza ngozi bila kujua.

Hali ya hewa ya hapa huongeza uzito wa saa hizo za kwanza. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi iliyo kavu kweli ni michache. Ile njia ya wafugaji wa nyanda kavu, ya kuwamba ngozi juani, kuikwangua, kuipaka samli na kuifikicha hadi ilainike, ni njia iliyozaliwa na jua la Turkana na Kajiado. Hapa ngozi iliyowambwa asubuhi hukutwa na mvua ya alasiri. Jua kali la adhuhuri nalo si rafiki: huipika ngozi iliyolazwa chini, ikawa ngumu juu huku katikati inaoza, na kasoro hiyo haionekani hadi siku ya kuiloweka inapomomonyoka mikononi. Ndiyo sababu tangu enzi za ukoloni maofisa wa mifugo walihimiza ngozi ziwambwe kwenye fremu za miti, zikiwa wima, ndani ya banda lenye kivuli na upepo. Mahali penye mvua nyingi, hata hivyo, chumvi ni bora kuliko banda. Kilo moja ya chumvi ya mawe kwa kila kilo tatu za ngozi, ikisuguliwa upande wa nyama siku hiyohiyo na ngozi ikalazwa mahali penye mteremko ili maji yake yachuruzike, huipa ngozi muda wa wiki kadhaa. Gharama yake ni ndogo, ujuzi wake unajifunzika kwa siku moja, na hakuna hatua nyingine katika safari nzima ya ngozi inayookoa mengi kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Ngozi ikishaokolewa, ndipo swali la magome linapopata maana. Kenya ni nchi yenye historia kubwa ya tanini kuliko wengi wanavyokumbuka. Muwati, mti wa jamii ya mgunga wenye asili ya Australia, uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi viwanda vya Eldoret na Thika vilikamua tanini kutoka magome yake na kuiuza ng'ambo. Kampuni ya EATEC ya Eldoret ilimiliki mashamba makubwa ya miti hiyo hadi ardhi yake ilipouzwa karibu na mwaka 2000. Gome kavu la muwati lina tanini karibu theluthi moja ya uzito wake, kiwango ambacho ni miti michache duniani inayokifikia. Muwati bado umo katika mashamba ya Nandi na Uasin Gishu, mwendo mfupi kutoka Kakamega, ukikatwa kwa kuni na makaa, na magome yake mara nyingi huachwa yaoze. Mikaratusi iliyotapakaa katika mashamba ya Kakamega ni dhaifu zaidi kwa kazi hii. Mpera ndio unaostahili macho ya karibu. Majani yake yana tanini takribani sehemu moja ya kumi, gome lake lina zaidi, na katika kingo na maeneo yaliyovurugwa ya Msitu wa Kakamega mpera umekuwa mti mvamizi unaoinyima nafasi miti ya asili. Kuuvuna huko kwa idhini ya wasimamizi wa msitu kungekuwa na faida kwa pande zote mbili.

Miti ya asili ya msitu huo ni habari nyingine, na hapa watetezi wa njia za asili wanapaswa kuwa wakali kwa nafsi zao. Mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, umeonyesha kinachoweza kutokea. Gome lake lilipopata soko la dawa ng'ambo, miti ilibanduliwa kuzunguka shina lote, nayo ikafa ikiwa imesimama. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mti ubanduliwao mzunguko mzima hufa, awe mbanduaji anatafuta dawa au tanini. Kwa hiyo kanuni iwe moja tu isiyo na msamaha: gome litoke kwenye mti uliokwisha kukatwa kwa sababu nyingine, shambani, au kwenye mti mvamizi. Kikundi kisichoweza kuonyesha magome yake yametoka wapi kisipewe sifa ya kufanya kazi ya asili.

Kazi yenyewe haina siri, ina subira. Ngozi huoshwa chumvi, kisha hulowekwa katika maji ya chokaa na majivu kwa siku kadhaa hadi manyoya yaachie. Hulazwa juu ya gogo la mviringo, manyoya yakasukumwa kwa kisu butu, ikageuzwa na mabaki ya nyama na mafuta yakakwanguliwa. Chokaa lazima itoke, maana ikibaki itaipinga tanini. Maji mengi na pumba iliyochachuka hufanya kazi hiyo, na machicha ya pombe ya busaa, kwa uchachu wake, yanaweza kufanya vilevile. Kisha huja mapipa. Maji ya magome huanza hafifu na kuongezwa ukali polepole, kwa sababu ngozi ikitumbukizwa katika maji makali siku ya kwanza hujifunga juu na kuacha katikati mbichi. Chombo kisiwe cha chuma kitupu, kwani tanini ikikutana na chuma huipaka ngozi weusi usiotoka. Kila kilo ya ngozi iliyosafishwa huhitaji takribani kilo moja ya magome makavu ya muwati, na ya majani ya mpera mara tatu au zaidi. Ili kujua kama imekolea, hukatwa ukingoni: mstari mweupe katikati ukionekana, inarudi pipani. Mwisho hupakwa mafuta, ya nyama, ya nyonyo au ya samaki, na kuvutwavutwa kivulini inapokauka. Ngozi ya mbuzi huchukua wiki chache. Ngozi ya ng'ombe mzima huchukua miezi mingi.

Tofauti hiyo ya wiki na miezi ndiyo inayoamua nini kinafaa kufanyiwa wapi. Ngozi moja ya ng'ombe ikiwa mbichi inaweza kufika kilo 20; mtu mmoja hawezi kuigeuza pipani peke yake, na magome yake ni gunia zima. Ngozi za mbuzi, kondoo na sungura huingia kwenye ndoo ya plastiki. Historia nayo inasema jambo lilelile. Ngozi za mbuzi wekundu za Kano na Sokoto, Nigeria, zilizovuka Sahara na kujulikana Ulaya kwa jina la Morocco, zilitengenezwa kwa maganda ya mgunga, lakini na mafundi wa mitaa maalumu waliorithishana mashimo na ujuzi. Huko Colyton, Uingereza, kiwanda cha J. & F.J. Baker bado hutumia gome la mwaloni, na ngozi zake nene hukaa mashimoni kwa zaidi ya mwaka; ni kazi ya mafundi pia. Penye ngozi bora ya magome, aghalabu kumekuwa na watu walioifanya kila siku wakajua kwa vidole kile ambacho maelezo hayawezi kukieleza. Boma linalotengeneza ngozi moja kila Krismasi halitajifunza hivyo. Kaunti ndogo yenye yadi moja ya kutengenezea ngozi, mapipa kumi na watu watano wa kudumu, itajifunza.

Sasa hoja ya kiwanda. Mjerumani Friedrich Knapp alieleza matumizi ya chumvi za kromu mwaka 1858, Mmarekani Augustus Schultz akapata hataza yake mwaka 1884, na tangu hapo kazi ya miezi ikawa ya siku. Leo zaidi ya robo tatu ya ngozi duniani hutengenezwa kwa kromu, na si kwa ujinga: ngozi hiyo ni nyepesi, laini, hustahimili maji yanayochemka na hutoka sawasawa kila mara. Kwa kiatu cha kisasa au jaketi, magome hayashindani nayo. Lakini mwenye ngozi kule Ikolomani hachagui kati ya kromu na magome. Kromu haifai kuguswa nyumbani wala maji yake kumwagwa kijijini. Chaguo lake ni kuuza ikiwa mbichi au kuipoteza. Serikali ilipotaka kuvilinda viwanda vya ndani, ushuru wa kuuza ngozi mbichi nje ulipandishwa hadi asilimia 80 ya thamani. Viwanda vikapata malighafi, ila sehemu kubwa ya ngozi iliendelea kuondoka nchini ikiwa imefika hatua ya kwanza tu, ile ya rangi ya samawati ya kromu, na mfugaji akabaki na wanunuzi wachache. Siupingi ushuru huo. Ninachosema ni kwamba hauwezi kumpa mfugaji sababu ya kutunza ngozi ikiwa bei ya iliyotunzwa na ya iliyotobolewa inakaribiana. Yadi ya jirani inayohitaji ngozi chache lakini safi inaweza kumpa sababu hiyo. Na kuna vitu ambavyo ngozi ya magome huviweza zaidi: mshipi, soli ya ndala za shanga, ala ya kisu, kamba ya mbwa, kiti cha kigoda. Vinataka ngozi yenye mwili, inayoshika umbo na kukubali nakshi. Kisumu, ambako ngozi za sangara zilizokuwa taka za viwanda vya samaki hutengenezwa na kushonwa kuwa mikoba na viatu, imeonyesha kuwa eneo hili linaweza kupata wanunuzi wa ngozi isiyo ya kawaida.

Wapo wanaosema kwamba kitu cha asili hakina madhara. Si kweli. Maji ya chokaa yakiingia kijito huua samaki. Maji ya magome huwa meusi na hunyonya hewa ya mto, na mto Isiukhu una mzigo wa kutosha tayari. Tofauti ni kwamba taka hizi, zisipokuwa na kromu, zinaweza kurudi shambani. Udongo wa sehemu nyingi za Kakamega una asidi nyingi, na tope la chokaa kwa kiasi kidogo huutuliza. Manyoya na makwanguo yana naitrojeni ya kutosha kutajirisha mboji. Magome yaliyochoka huwa matandazo au kuni. Yote hayo yanahitaji shimo la mboji lililochimbwa mbali na kijito kabla pipa la kwanza halijajazwa, na mtu mwenye jukumu la kulisimamia. Hiyo ni hoja nyingine ya kuwa na yadi moja badala ya ndoo mia moja zinazomwagwa popote.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ugonjwa, na halijibiwi kwa matumaini. Viini vya kimeta hukaa udongoni na ngozini kwa miaka mingi, na chokaa, majivu na tanini haviaminiki kuviua. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma wa New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kushughulikia ngozi za mbuzi kutoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 mwingine wa London alikufa kwa ugonjwa huohuo. Hawa walifanya kazi mijini, wakiwa na hospitali kubwa karibu. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe kamwe, hata ngozi yake ikiwa nzuri namna gani, na anayetokwa na damu isiyoganda puani au mkunduni aripotiwe kwa ofisa wa mifugo na asiguswe. Kikundi kinachopokea ngozi bila kujua mnyama alikufaje kinahatarisha maisha ya watu wake. Kanuni hii ikizuia nusu ya ngozi za kijiji, na izuie.

Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kuwa fedha za kuanzisha kazi hii zinapaswa kwenda mahali tofauti na zinakoelekezwa kwa kawaida. Miradi hupenda mapipa na mashine, kwa kuwa vinapigika picha. Mimi ningeanza na matanga. Kikundi cha yadi kingemtuma mchunaji wake mwenyewe kwa familia yenye msiba, akiwa na kisu kinachofaa, kamba ya kumning'inizia mnyama mtini na gunia la chumvi, baada ya ofisa wa mifugo kumkagua mnyama huyo. Familia ingepata kazi safi bila malipo katika siku ambayo haina mikono ya kutosha, na kikundi kingeondoka na ngozi kama ujira. Ngozi za mbuzi zingeingia yadini, za ng'ombe zilizo safi zingetiwa chumvi na kuuzwa kwa mnunuzi anayelipa kwa daraja, na nyembamba zisizo na kasoro zingetengwa kwa ajili ya waunda isukuti. Mchunaji alipwe kwa kila ngozi isiyo na tundu, na pesa zake apewe palepale ngozi inapokaguliwa, siyo mwisho wa mwezi.